Kamati ya Kidole Kimoja

Napenda kuutangazia umma kwamba Idara yetu ya Usajili wa Vizazi, Ndoa na Vifo ndiyo idara ya kwanza serikalini kupiga marufuku mkono wa kushoto. Najua yanasemwa mengi mitaani kuhusu jambo hili, mengine ya kashfa, mengine ya kutuchekea. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa Katibu wa Kamati iliyohusika, nimeona ni wajibu wangu kueleza yaliyotokea, kwa utulivu na bila kumvunjia mtu heshima.

Mambo yalianzia kwenye kompyuta.

Kompyuta yenyewe ni ya zamani. Rangi yake ni ya maziwa yaliyoanza kuchacha, kioo chake kina kisogo kirefu, na ukiiwasha inakohoa, inasaga meno, kisha inapiga mlio mmoja, pii, kama mtu aliyekanyagwa kidole. Wenzetu waliokuwa na kompyuta za aina hiyo walishazitupa au kuzigeuza vizuizi vya mlango. Sisi tuliitunza yetu. Kwa miaka mingi ilikaa ofisini kwa Mkurugenzi, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa yeye mwenyewe, kwa kazi nyeti.

Naweza kushuhudia bidii yake. Kila nilipoingia ghafla na jalada la kusaini, nilimkuta ameinamia kibodi, uso umemng'aa kwa jasho jembamba. Alishtuka, vidole vikaruka, na kwenye kioo palikuwa na jedwali la hesabu. Jedwali lilelile. Mwaka huu jedwali, mwaka unaofuata jedwali. Nilirudi kwenye kiti changu nikijiambia: huyu ndiye mtumishi wa umma, mtu anayeweza kuitazama safu moja ya tarakimu miaka yote hiyo na bado ikamtoa jasho.

Kisha tukaletewa Waziri mpya. Ni mama wa makamo, mwenye maneno machache, na mojawapo ya maneno hayo lilikuwa agizo: kompyuta zote zitoke ofisini kwa wakubwa ziende zikahudumie wananchi. Mkurugenzi aliagana na ile yake kama mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni. Ilishushwa ukumbini, kwenye dirisha la ndoa, ikawekewa programu ya usajili, na ikakabidhiwa kwa karani wetu wa siku nyingi. Karani huyu tunamwita Shangazi, kwa ajili ya umri wake na kwa ajili ya ulimi wake. Anaandika kwa vidole vyote kumi bila kutazama kibodi, huku akigombana na mtu aliye katikati ya foleni.

Waliotangulia kuhudumiwa na kompyuta hiyo walikuwa mwalimu wa chekechea na mchumba wake, fundi bomba. Walikuwa wameshafunga ndoa yao mbele ya watu, pilikapilika zote zimekwisha, kilichobaki ni karatasi. Nyuma yao alisimama mama wa bibi harusi, mkoba kifuani, akitukagua kama anayenunua samaki.

Shangazi aliandika majina, akayasoma kwa sauti, wakakubali. Kisha akabonyeza Kontroli na S kwa pamoja, ambayo ndiyo njia ya mkato ya kuhifadhi kumbukumbu. Kompyuta ikapiga pii. Kioo kikaganda, kikajaa vialama vinavyotambaa kama sisimizi waliomwagiwa maji, kikawa cheusi.

"Imekufa?" fundi bomba aliuliza.

"Imezimia tu," alisema Shangazi. "Subirini izinduke."

Ilipozinduka, Shangazi alifungua kumbukumbu, akasogeza miwani, akasoma, akaisogeza tena.

"Mume yupo," alisema. "Ameoa, tarehe ya leo. Safi kabisa."

"Na mimi?" mwalimu aliuliza.

"Wewe, mwanangu, hujaolewa."

"Sasa huyu amemuoa nani?"

"Hapa kwenye mke pako tupu."

Ilivyo ni kwamba programu yetu humhifadhi mume kwanza, kisha mke, kwa kufuata itifaki. Kompyuta ilikuwa imezimia katikati. Mama mkwe alimgeukia fundi bomba, akamtazama kuanzia viatuni.

"Huyo Tupu ni nani?" aliuliza.

"Mama, simjui," alisema fundi bomba. "Naapa."

Shangazi alipendekeza amwandike mwalimu kwenye nafasi ile iliyo wazi, ahifadhi tena, yaishe. Alijaribu. Pii, sisimizi, giza. Hapo ndipo suala likapelekwa ngazi za juu, yaani kwa Mkurugenzi, na mimi nikaitwa kuandika kumbukumbu za kikao.

Mkurugenzi aliwapokea kwa upole. Aliwakaribisha viti, akaunganisha vidole vyake juu ya meza iliyoachwa wazi na kompyuta, akasema: "Kwa mujibu wa taratibu, ndoa iliyosajiliwa haibandikwi kiraka. Inavunjwa, kisha inafungwa upya. Bwana huyu ampe talaka mke aliyesajiliwa, halafu aje."

"Mzee, hakuna mke aliyesajiliwa," alisema mwalimu.

"Kumbukumbu inasema ameoa. Huwezi kuoa bila mke."

"Mke ni mimi!"

"Wewe, binti yangu, hujaolewa. Usijiingize kwenye ndoa za watu."

Nakiri kwamba hoja ile ilinivutia sana kwa ukamilifu wake. Fundi bomba aliuliza kwa sauti ya chini atampaje talaka mtu asiyekuwepo, na Mkurugenzi akamjibu kwamba asiyekuwepo anaitwa kwa tangazo. Mimi mwenyewe nilibandika tangazo kwenye ubao wa nje, likimtaka mke asiye na jina afike ofisini haraka iwezekanavyo. Mwitikio ulikuwa mzuri. Walifika wanawake wawili. Mmoja alimkagua fundi bomba mbele na nyuma, akauliza kama ana nyumba, akasema atafikiria.

Huku nyuma hali haikuwa ya kucheka. Mama mkwe alikuwa ameweka msimamo: hakuna karatasi, hakuna mke. "Binti yangu hawezi kuwa wa pili," alisema, "tena nyuma ya mwanamke ambaye hata sura hana." Kwa hiyo fundi bomba, mwanamume aliyeoa mbele ya ukumbi mzima wa watu, alikuwa akienda kwa wakwe zake jioni kama mchumba. Aliwekewa kigoda uani, akapewa chai, akatengeneza bomba lolote lililokuwa linavuja, akaaga. Mke wake alimsindikiza hadi mlangoni. Walishikana mikono kwa adabu, na mama akakohoa kutoka dirishani.

Kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Muhula ulikuwa unakwisha, na walimu wasio na ndoa ndio huhamishiwa vituo vya mbali, kule ambako barabara inakata tamaa kabla ya kufika. Mwenye cheti cha ndoa anaachwa karibu na mwenzake. Mwalimu wetu alishaambiwa afungashe.

Wala hakuwa peke yake. Kila ndoa tuliyoisajili iligawanyika hivyohivyo. Wanaume wote mjini wakawa wameoa, wanawake wote wakabaki bila waume. Watu wasio na shukrani wakaanza kutuita Idara ya Waume. Mkurugenzi akaona sasa imefika mahali pa kuchukua hatua, akaunda Kamati Maalumu ya Uchunguzi wa Mkwamo wa Kompyuta Inapobonyezwa. Hadidu za rejea niliziandaa mimi. Ya kwanza ilikuwa chai.

Kamati ilimwita fundi wa kompyuta anayejulikana kwa jina la Waya. Waya ni mtu anayejisifu bila kuombwa. Aliingia na bisibisi tatu mfukoni, akatangaza kwamba hajawahi kushindwa na mashine, na akasema tatizo ni vumbi. Akapuliza. Pii, giza. Akasema tatizo ni mende, akaigeuza kibodi na kuitikisa. Yakadondoka makombo ya biskuti, pini za karatasi na jino moja la kitana. Mende hakuwepo. Akasema basi tatizo ni Shangazi, ana mkono mzito.

"Mkono wangu umelea watoto saba," alisema Shangazi. "Hakuna aliyezimia."

Hapo Waya akakaa chini, akaacha majigambo kwa muda, akaanza kujaribu kitufe kimoja baada ya kingine. A peke yake, salama. S peke yake, salama. Kontroli peke yake, salama. Kontroli na S kwa pamoja, sisimizi. Alirudia mpaka wajumbe wawili wakasinzia.

"Wakubwa," alisema mwishowe, "kuna kitu ndani kinagombania vitufe hivi. Kuna programu nyingine imejificha kwenye kumbukumbu ya mashine, na yenyewe inaitika ukibonyeza Kontroli na S. Zinaitika zote mbili kwa mpigo, mashine inachanganyikiwa. Niruhusuni niiwashe bila programu ya usajili, nibonyeze, tuone ni nani anayeitika."

Mkurugenzi alipaliwa na chai. Tulimpigapiga mgongoni.

"Haiwezekani," alisema alipopata pumzi. "Ndani ya kompyuta hii kuna siri za serikali."

"Mkuu, sitasoma kitu."

"Hata kuchungulia! Mtu akiugua unampa dawa, humchani tumbo kuangalia jana alikula nini."

Akasimama. Akazunguka meza. Nilijua kwamba fikra kubwa inakuja, nikashika kalamu vizuri.

"Ndugu wajumbe," alisema, "kitufe kimoja hakina kosa. Viwili vikishirikiana, mashine inaanguka. Kwa hiyo tatizo ni ushirikiano. Tuvitenganishe."

Tulipiga makofi. Waya peke yake hakupiga, lakini yeye hakuwa mjumbe.

Ndivyo ulivyozaliwa Mwongozo wa Kidole Kimoja. Mtumishi yeyote anayeandika kwenye kompyuta ya Idara atatumia kidole kimoja cha mkono wa kulia, na mkono wa kushoto utakaa mfukoni saa zote za kazi. Gauni la Shangazi halina mfuko. Tulijadili suala la mifuko kwa kina, tukashindwa kuafikiana, ndipo Mkurugenzi akamteua shemeji yake kuwa Msimamizi wa Mkono wa Kushoto. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti pembeni ya Shangazi na kuushika ule mkono.

"Shemeji, niachie nijikune," Shangazi alikuwa akisema.

"Omba kwa utaratibu."

"Naomba kujikuna."

"Wapi?"

"Kwenye sikio la kushoto. Na ukiuliza tena nitakukuna wewe."

Mwongozo ulileta mafanikio ya haraka: kompyuta haikuanguka tena. Zilikuwepo changamoto ndogondogo. Herufi kubwa, kwa mfano, huhitaji vitufe viwili, na kile kitufe cha kuzifunga kilikuwa kimeng'oka siku nyingi, hivyo majina ya wananchi wote yakaandikwa kwa herufi ndogo, na cheo cha Mkurugenzi vilevile. Aliiona barua yake ya kwanza ikitoka "mkurugenzi", akaitazama kama mtu aliyepigwa picha bila shati. Changamoto nyingine ilikuwa kwamba bila Kontroli na S ndoa haihifadhiwi. Iliandikwa, ikakaa kwenye kioo mchana kutwa ikiwa halali kabisa, kisha ofisi ikifungwa na umeme ukizimwa, ikaisha. Mitaani wakaziita ndoa za mchana. Tuliliundia suala hilo kamati ndogo.

Tulikuwa katikati ya kikao cha kamati ndogo mlango ulipofunguliwa bila kugongwa. Aliingia mwalimu wa chekechea, na nyuma yake fundi bomba akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mikono mezani," alisema mwalimu.

Sijui ilikuwaje. Sauti ile huenda moja kwa moja kwenye mikono bila kupitia kichwani. Tuliiweka yote mezani, wa kulia na wa kushoto. Mkurugenzi naye aliiweka.

"Nani hapa," mwalimu aliuliza, akitupitia mmoja mmoja, "anaweza kunieleza kwa sentensi moja kwa nini mimi sina mume?"

Mjumbe mmoja alinyoosha kidole. Akaruhusiwa. Akasema mchakato unaendelea.

"Umesema hivyo wiki iliyopita. Jibu jingine?"

"Binti yangu," alisema Mkurugenzi, "serikali haifanyi kazi kwa pupa."

"Mimi nafungasha, mzee. Wiki ijayo nitakuwa kule ambako kwenda ni siku nzima, na huyu atabaki kwenye kigoda cha mama yangu akizibua mabomba. Tumeshapanga nyumba. Tumeshanunua pazia." Hapo fundi bomba akamgusa kiwiko. Lakini aliendelea. "Nilikuja kwa adabu, mkaniambia nisijiingize kwenye ndoa za watu. Sasa nimesema na Waziri."

Hatukumwelewa.

"Waziri yupi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Wenu. Mjukuu wake yuko darasani kwangu, na bibi yake ndiye huja kumchukua. Jana aliniuliza, 'Mwalimu, mbona huna raha?' Nikamweleza. Amesema Alhamisi atapita."

Akatoka. Tulibaki na mikono mezani kwa muda kidogo, maana hakutuambia tuitoe.

Maandalizi yalikuwa ya kishindo. Tulipaka rangi ukuta wa mbele, ule unaoonekana ukiwa ndani ya gari. Tuliisogeza foleni nyuma ya jengo ili isilete picha mbaya, na wenye foleni, kwa ukorofi wao, wakairudisha. Mkurugenzi aliamua kwamba yeye mwenyewe ataketi kwenye kompyuta siku hiyo na kumwonyesha Mheshimiwa Mwongozo wa Kidole Kimoja kwa vitendo. Akamwita Waya.

"Iwashe, lakini usifungue programu ya usajili," alimwagiza. "Kioo kiwe kitupu. Kioo kitupu hakina cha kuanguka."

"Hivyo ndivyo nilivyowaomba mimi tangu mwanzo," alisema Waya.

"Wewe nyamaza, fanya kazi."

Alhamisi ilipofika tulijipanga getini tangu asubuhi: Kamati, shemeji, na kikundi cha watumishi wa kupiga makofi. Bibi harusi na bwana harusi wake walialikwa wakae ukumbini kama mfano wa wananchi waliohudumiwa, na mama mkwe akaja bila kualikwa. Ndani, Mkurugenzi alikuwa ameketi mbele ya kompyuta akifanya mazoezi, mkono wa kushoto mfukoni, kidole cha kulia kikigonga herufi moja moja kama kuku anayedonoa. Mimi nilitumwa ndani kumwambia kwamba gari bado halijaonekana.

Gari halikuonekana kwa sababu Mheshimiwa hakuja na gari. Alikuwa amemfikisha mjukuu shuleni, akaja kwa miguu, akapita mlango wa nyuma, ukumbini moja kwa moja. Alisimama nyuma kabisa ya kiti cha Mkurugenzi.

"Habari za kazi?" alisema.

Nilikuwa pale. Nilimwona Mkurugenzi akishtuka. Na niliuona mkono wake wa kushoto ukichomoka mfukoni kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona katika utumishi wa umma. Kidole kimoja Kontroli, kingine S, vyote kwa mpigo, kabla yeye mwenyewe hajageuka.

Kompyuta haikuanguka. Ilipiga muziki.

Ulikuwa wimbo mfupi wa shangwe, wa tarumbeta, wenye ule mlio mwembamba wa spika za zamani. Kioo kikawa cha kijani kama kitambaa cha meza, karata zikatandazika juu yake, na maneno yakatokea kwa herufi kubwa: KARIBU TENA, MKURUGENZI. NI ZAMU YAKO.

Wa kwenye foleni walikuwa wameshabandika nyuso zao dirishani.

"Mheshimiwa," alisema Shangazi, akikunja mkono wake wa kushoto uliokuwa huru siku hiyo, "hizo ndizo siri za serikali."

Mkurugenzi alibonyeza tena. Karata zikatoweka, na mahali pake pakaja jedwali la hesabu. Nilipoliona moyo wangu ulifurahi, kwa kuwa sasa ukweli ungejulikana.

"Jedwali lake!" nilisema kwa nguvu. "Mheshimiwa, hilo ndilo jedwali la Mkurugenzi! Hilo ndilo amelifanyia kazi miaka yote! Kila nikiingia namkuta nalo!"

Sikuelewa kwa nini Mkurugenzi alinitazama vile.

Waziri aliinama, akabonyeza mwenyewe. Karata. Akabonyeza tena. Jedwali. Karata, jedwali, karata, jedwali, na kila karata zilipokuja tarumbeta ililia, na kila ilipolia dirisha zima lilicheka.

"Ni mchezo wenye maficho," Waya alieleza, kifua mbele. "Bosi akiingia, unabonyeza Kontroli na S, inakuja hesabu ya bandia. Unakaa kwenye kumbukumbu ya mashine tangu inapowashwa. Sasa programu ya usajili nayo inahifadhi kwa vitufe hivyohivyo. Mmoja anataka kuhifadhi mke, mwingine anataka kuficha karata. Nilisema mimi."

Waziri alimgeukia Mkurugenzi.

"Nani anashinda?" aliuliza.

"Ko... kompyuta, Mheshimiwa."

"Maliza."

"Samahani?"

"Ni zamu yako, imeandikwa hapo. Hawa wamesubiri sana kwa ajili ya mchezo huu. Waone unavyoisha."

Akavuta kiti, akaketi. Mkurugenzi hakuwa na njia. Alicheza, kwa kidole kimoja, jasho likimtiririka, na jasho hilo nililifahamu. Watu wa foleni, ambao kwa kawaida hawaruhusiwi kutoa maoni, walitoa.

"Tupa kopa, mzee!"

"Asitupe kopa, ataliwa! Shupaza ipo pale kushoto!"

"Kushoto kumepigwa marufuku, muacheni!"

Hata mama mkwe alisogea. "Ungekuwa mwanangu ningekuchapa," alimwambia. "Uru. Weka uru." Hakumsikiliza, akaweka kopa. Kompyuta ikamla, ikapiga wimbo wa huzuni, ikamuuliza kama anataka kurudia.

"Hataki," alisema Waziri.

Waya aliufuta mchezo pale pale. Programu ya usajili ikafunguliwa, Shangazi akarudi kwenye kiti chake, akavipasua vidole vyote kumi kwa zamu, mlio baada ya mlio, akafungua ndoa ya fundi bomba. Pale pa mke palikuwa bado wazi.

"Mheshimiwa," Mkurugenzi alijaribu, "kwa mujibu wa taratibu inabidi kwanza..."

"Andika," Waziri alimwambia Shangazi.

Shangazi aliandika jina la mwalimu, kila neno na herufi yake kubwa. Mwalimu alikuwa ameushika mkono wa fundi bomba kwa nguvu hadi vidole vya bwana yule vikabadilika rangi. Shangazi akabonyeza Kontroli na S. Ukumbi mzima tulivuta pumzi. Kompyuta ikasaga meno kidogo, ikatulia, ikaandika: Imehifadhiwa.

Cheti kilitoka kwenye mashine ya kuchapa polepole, mstari kwa mstari. Mama mkwe akakidaka kabla ya yeyote. Alikisoma kwa umbali wa mkono, akakisogeza, akakisoma tena, akakinusa, sijui kwa nini.

"Haya," alimwambia fundi bomba. "Mchukue mkeo. Na bomba la jikoni limeanza tena, uje Jumapili."

Mwalimu alianza kucheka, kisha akalia, kisha akafanya yote mawili, na fundi bomba akasimama tu akipapasa kofia yake, hajui aivae au aivue. Walitoka wakiwa wameshikana mikono, na safari hii hakuna aliyekohoa.

Waziri hakuondoka. Alikunja mikono ya blauzi, akavuta kiti kando ya Shangazi, kile alichokuwa akikalia shemeji, akasema atakaa hapo mpaka foleni iishe. Watu wakashangilia. Mkurugenzi akainama kwenye dirisha, upande wa nje, kwa kuwa upande wa ndani hapakuwa tena na mahali pake.

"Mheshimiwa, naomba dakika moja nijieleze."

Waziri alimuuliza Shangazi: "Foleni inaishia wapi?"

"Nyuma ya jengo, Mheshimiwa. Karibu na choo."

Nilimfuata, maana Katibu huenda aliko Mkurugenzi wake, na koti lake nilikuwa nalo mimi. Jua lilikuwa kali. Tulisimama mwisho kabisa, yeye mbele, mimi nyuma, na foleni ilikuwa haisogei. Mbele yetu alikuwepo baba mmoja mwenye mtoto mchanga begani. Alitusalimia vizuri, akasogea kidogo ili Mkurugenzi apate kivuli cha ukuta, akamuuliza kwa huruma kama wanavyoulizana watu waliomo kwenye shida moja:

"Na wewe mzee, umekuja kwa lipi? Kuzaliwa, ndoa au kifo?"

Mkurugenzi alilitafakari swali hilo kwa muda mrefu.

"Bado haijaamuliwa," alisema.